Moja kutwa mara tatu: kisa cha mgonjwa wa mapigo ya moyo aliyefuata maelekezo

Kisa hiki kimeandikwa kwa wafamasia, wauguzi, matabibu wa zahanati na ndugu wanaosimamia dawa za mgonjwa wa moyo nyumbani. Mambo ya kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa. Dozi na majibu ya vipimo yameachwa, kwa kuwa ndiyo yenye mafunzo.

Usuli

Mgonjwa ni mama wa miaka hamsini na ushee, mkulima na mfanyabiashara mdogo katika wilaya moja ya Tanzania iliyo mbali na hospitali ya rufaa. Utotoni aliugua homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa na kuishia kwenye valvu za moyo, yaani milango inayopitisha damu. Kwake uliharibu valvu ya mitrali. Ilikakamaa na kusinyaa, damu ikawa inapita kwa shida kutoka chumba cha juu cha kushoto kwenda cha chini. Chumba hicho cha juu kikilemewa miaka mingi hutanuka, na kikishatanuka mapigo yake huvurugika. Kitaalamu hali hiyo huitwa fibrilesheni ya atiria. Mama mwenyewe aliieleza vizuri zaidi: "Moyo unakimbia, halafu unajikwaa."

Mapigo ya namna hii yana hatari mbili. Moyo unaokwenda mbio haupati muda wa kujaa damu, kwa hiyo mtu anahema kwa shida na miguu inavimba. Hatari ya pili ni damu iliyotuama kwenye chumba kilichotanuka: huganda, na donge likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana alikuwa akitumia wafarini, ambayo wagonjwa wengi huiita dawa ya kulainisha damu. Ndugu zake waliwahi kuuliza kwa nini asipewe vile vidonge vipya visivyodai kupimwa damu kila mara. Kwa mwenye valvu ya mitrali iliyosinyaa kwa rumatiki, jibu limekuwa wazi tangu 2022, ulipotoka utafiti wa INVICTUS uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliotumia dawa za jamii ya wafarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya. Wafarini ni dawa yenye usumbufu, lakini kwa mama huyu ndiyo iliyofaa.

Alilazwa hospitali ya rufaa moyo ukipiga 150 kwa dakika na presha ikiwa 92/58. Kwa presha hiyo, bisoprololi, dawa ya kawaida ya kupunguza kasi, isingeweza kuongezwa. Madaktari wakamwanzishia amiodaroni. Ulikuwa uamuzi mzuri, na hakuna chochote katika maelezo yanayofuata kinachoupinga.

Amiodaroni ni dawa isiyofanana na nyingine kwenye rafu. Iliundwa Ubelgiji mwaka 1961 kwa ajili ya maumivu ya kifua ya moyo, na uwezo wake wa kutuliza mapigo ukagunduliwa baadaye. Ikiingia mwilini hukimbilia kwenye mafuta, ini na mapafu, na hujaza huko kwanza kabla ya kutosha kwenye damu. Kwa hiyo huanza na dozi kubwa ya kujaza, kisha hushushwa kwa hatua. Utaratibu unaotumika sana ni miligramu 200 mara tatu kwa siku kwa wiki moja, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, kisha mara moja kwa siku. Kutoka nako ni kwa taratibu. Nusu ya dawa hutumia wastani wa siku 58 kuondoka, na kwa baadhi ya watu huzidi miezi minne. Unaweza kuiacha leo ikaendelea kufanya kazi kama moshi wa kuni unavyobaki kwenye khanga baada ya jiko kuzimwa. Tena zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni ayodini, yale madini joto yanayoandikwa kwenye pakiti za chumvi. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za ayodini, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku. Sehemu ndogo ndiyo huachiliwa mwilini, lakini hiyo ndogo nayo ni makumi ya mara ya mahitaji. Tezi ya shingo haiwezi kukosa kuhisi.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Cheti cha ruhusa kiliandikwa kwa ukamilifu: amiodaroni 1×3 wiki moja, 1×2 wiki moja, kisha 1×1. Pamoja nayo wafarini miligramu 5 kila jioni, bisoprololi 2.5 na furosemidi 40, dawa ya kutoa maji ya ziada mwilini. INR yake siku hiyo ilikuwa 1.8. Kipimo hiki huonesha damu inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa na karibu 1, na yeye alitakiwa awe kati ya 2 na 3. Kwa kuwa ilikuwa chini, wafarini haikupunguzwa. Kwenye faili daktari aliandika kwamba amiodaroni itapandisha INR na kwamba mgonjwa apimwe kila wiki.

Famasi ya hospitali ilikuwa imebakiwa na vidonge 21 vya amiodaroni, yaani vya wiki ya kwanza tu. Vikafungwa kwenye bahasha, juu yake pakaandikwa 1×3. Vya wiki zilizofuata familia ikaelekezwa ikanunue nje. Cheti kilibaki hospitalini kwa ajili ya madai ya bima. Mama akarudi nyumbani na bahasha.

Wiki ya kwanza alipimwa INR katika hospitali ya wilaya, ikawa 2.4. Kila mtu alifurahi. Akapangiwa kurudi baada ya mwezi, lakini mwezi ulipofika barabara ilikuwa imekatika kwa mvua na nauli haikuwepo.

Vidonge vilipokwisha, binti yake alikwenda famasi ya mjini na karatasi tupu ya vidonge mkononi. Muuzaji akamuuliza anakunywaje. Binti akajibu alichokisoma kwenye bahasha: moja kutwa mara tatu. Muuzaji akaandika hivyo hivyo kwenye bahasha mpya, na mara iliyofuata bahasha hiyo ndiyo iliyokwenda dukani kama ushahidi. Familia iliuza gunia la mahindi kugharamia dawa. Walikuwa wananunua mara tatu ya alichohitaji.

Karibu wiki ya tatu kichefuchefu kilianza. Mboga zikamshinda, akaishi kwa uji na chai. Wiki ya tano uso ulianza kuwaka juani na kuwa mwekundu mweusi kwenye mashavu. Majirani walidhani ameanza kujichubua, jambo lililomuudhi kuliko kichefuchefu. Wiki ya nane alipata kikohozi chepesi. Duka la dawa likampa antibayotiki, azithromaisini ya siku tatu, bila kuuliza anatumia nini kingine, naye hakuona sababu ya kueleza dawa za moyo kwa tatizo la kifua. Alipomaliza kidonge cha pili pua ikaanza kutoka damu, ufizi nao ukawa unavuja anapopiga mswaki. Kufikia wiki ya tisa, akisimama anaona kizunguzungu. Ndipo wakaja kwetu, hospitali ya mkoa.

Siku ya kwanza kwetu

Mashine ya presha ilionesha mapigo 58. Muuguzi wa mapokezi hakuiamini, akashika kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima. Akapata 44. Presha ilikuwa 104/62, mgonjwa anaongea vizuri, hana maumivu ya kichwa, hana udhaifu wa upande mmoja, choo si cheusi. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionesha kwamba mapigo yamerudi kwenye mpangilio wa kawaida, jambo ambalo kwa siku nyingine lingekuwa habari njema. Ila yalikuwa ya polepole mno, na kipande cha QT, ule muda moyo unaotumia kujiweka sawa kwa pigo linalofuata, kilifika milisekunde 520 baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo. Ikizidi 500 daktari yeyote wa moyo husimama wima, kwa sababu hapo moyo unaweza kuingia ghafla kwenye mapigo ya kuua.

Maabara ilileta INR 7.2, potasiamu 3.0 na wingi wa damu (hemoglobini) gramu 10.4.

Mimi nilikuwa mfamasia wa zamu. Faili la kwetu lilikuwa na orodha ya dawa iliyoandikwa kwa kumsikiliza mgonjwa, na kwenye orodha hiyo amiodaroni iliandikwa "200 mg kila siku". Hakuna aliyedanganya. Daktari aliuliza kama anakunywa kila siku, mama akasema ndiyo.

"Shikamoo mama. Naomba nione dawa zenyewe, zote, hata zile za dukani."

"Marahaba mwanangu. Zimo humu." Akafungua pindo la khanga. "Hizi za mapigo nakunywa asubuhi, mchana na jioni. Sijaruka hata siku moja."

Ukipiga hesabu ya wiki tisa, mpango wa cheti ulikuwa anywe takriban gramu 16.8. Yeye alikunywa karibu gramu 38.

Maamuzi na sababu zake

Wafarini ilisimamishwa mara moja, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa kwenye vitamini K. Daktari mmoja kijana alipendekeza miligramu 10 "tumalize kabisa". Wengine walikataa, na nadhani hapa ndipo uamuzi wa busara kuliko yote ulipofanyika. Mgonjwa alikuwa anavuja damu kidogo, hakuwa anatokwa na damu ya kutishia maisha. Dozi kubwa ya vitamini K ingeshusha INR hadi karibu 1 na kuifanya wafarini isishike kwa siku nyingi baadaye. Kwa mwenye valvu ya mitrali iliyosinyaa na chumba cha moyo kilichotanuka, siku hizo zote ni za kungoja kiharusi. Akapewa miligramu 1 kwenye mshipa, taratibu. Kama angekuwa na kichwa kinachouma vibaya, choo cheusi au presha inayoshuka, tungefanya tofauti kabisa, tukihusisha plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu inayohifadhiwa kwenye barafu, au viini vya kugandisha damu pamoja na vitamini K ya kutosha.

Potasiamu ilirudishwa kwa dripu, ikaongezwa magnesiamu gramu 2. Furosemidi inapoteza madini yote mawili kwa njia ya mkojo, na mgonjwa alikuwa hali chakula cha kuyarudisha. QT ndefu yenye potasiamu ya chini ni hatari kuliko QT ndefu peke yake. Tulilenga potasiamu izidi 4. Azithromaisini iliachwa, kwa kuwa nayo hurefusha QT na inaweza kupandisha INR. Bisoprololi ilisimamishwa hadi mapigo yapande. Aliwekwa kitanda cha karibu na dawati la wauguzi, mashine ikisoma moyo usiku na mchana.

Swali gumu lilikuwa amiodaroni yenyewe. Njia rahisi ingekuwa kuishusha hadi 200 mara moja kwa siku, kama cheti kilivyotaka tangu mwanzo. Tulimpigia bingwa wa moyo. Hoja yake ilikuwa hivi: chumba cha juu kimetanuka sana, kwa hiyo uwezekano wa mapigo kubaki kwenye mpangilio kwa miaka ni mdogo hata kwa dawa. Mwili wake umebeba akiba itakayoendelea kufanya kazi kwa wiki nyingi. Na QT ya 520 hairuhusu kuongeza hata kidonge kimoja. Ikaachwa moja kwa moja, lengo likabadilika kutoka kurekebisha mpangilio kwenda kudhibiti kasi.

Kikohozi hakikupuuzwa. Amiodaroni inaweza kuharibu mapafu, na mtu anayeitumia akianza kukohoa au kuhema ni lazima swali hilo liulizwe kabla ya kumpa dawa ya mafua. Picha ya kifua haikuwa na kivuli kipya, na kikohozi kikaisha chenyewe. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu kidogo, chini ya mara mbili ya kawaida. TSH, kipimo cha tezi ya shingo, ilikuwa 9.2, nayo homoni ya tezi yenyewe ilikuwa kawaida. Hapa tulikwama. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya amiodaroni, TSH hupanda kidogo kwa watu wengi kisha hutulia, bila ugonjwa wowote. Lakini inawezekana pia tezi ilikuwa inalegea hata kabla ya dawa. Kipimo cha kabla ya dawa kingelitatua hilo, na hakikufanyika. Tukaamua kutompa dawa ya tezi na kurudia kipimo baadaye.

Matokeo

Siku iliyofuata INR ilikuwa 3.9 na damu ya pua imekatika. Siku ya tatu ikawa 2.8, wafarini ikarudishwa kwa nusu kidonge, miligramu 2.5. QT ilishuka chini ya 500 siku ya nne, baada ya potasiamu kufika 4.3. Mapigo yalipanda hadi 60 kwa taratibu, akaruhusiwa bila bisoprololi.

Kisha ukaja upande wa pili, ambao watu wengi husahau. Dozi ya 2.5 ilitosha kwa sababu amiodaroni ilikuwa bado mwilini ikiisaidia wafarini. Kadiri ilivyotoka, wafarini ileile ikawa ndogo. Tulilitarajia hilo, tukaliandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu: *INR itashuka yenyewe, msishangae, msisubiri.* Wiki ya saba baada ya kuacha amiodaroni ilikuwa 1.7. Dozi ikapandishwa, kidonge kizima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nusu siku nyingine. Mwezi wa nne ikaonekana 1.8, ikapandishwa tena. Mwezi wa tano alikuwa amerudi kwenye miligramu 5 kila jioni, dozi aliyoanza nayo, INR 2.3. Kama angeachwa kwenye nusu kidonge na kadi ya "rudi baada ya miezi mitatu", angekaa muda mrefu bila kinga akiamini anayo.

Mwezi wa tatu mapigo yalivurugika tena, kama bingwa alivyotabiri, safari hii yakiwa 96 tu kwa dakika. Bisoprololi ilirudishwa na ikatosha kwa kuwa presha sasa iliruhusu. TSH ilishuka hadi 4.4 bila dawa. Uso ulipoa, ingawa weusi wa mashavu ulichukua muda. Yuko kwenye orodha ya kutanuliwa valvu kwa puto.

Uchambuzi

Nianze na jambo linaloudhi. Mgonjwa huyu hakuruka dozi. Hakukopeshana dawa na jirani, hakuacha alipojisikia vizuri, hakwenda kwa mganga. Ushauri wote tunaowapa wagonjwa wa moyo aliutekeleza, na utekelezaji huo ndio uliomfikisha kwenye INR ya 7.2. Elimu yetu kwa wagonjwa imejengwa juu ya hofu moja, kwamba wataacha dawa. Kwa amiodaroni hofu hiyo ni nusu tu. Mgonjwa anatakiwa ajue pia tarehe ya kupunguza, na aambiwe kwamba kupunguza si kuasi.

Maelekezo ya hatua tatu yalikuwepo kwenye cheti. Yalipotea pale yalipohamishiwa kwenye bahasha, kwa sababu bahasha huandikiwa vidonge vilivyomo na si safari nzima ya dawa. Upungufu wa dawa ndio uliokata maelekezo vipande. Laiti famasi ingekuwa na vidonge vyote, huenda zingefungwa bahasha tatu na kisa hiki kisingekuwepo. Kuanzia hapo kila mmoja alinakili kosa kwa uaminifu: binti, muuzaji wa kwanza, muuzaji wa pili. Swali la "anakunywaje?" ni zuri, lakini linarudisha kile kile mgonjwa anachokifanya. Swali lililokosekana ni "alianza lini?" Muuzaji akisikia wiki ya nne bado 1×3, angesita.

INR ya 2.4 ya wiki ya kwanza ilifanya madhara zaidi kuliko kama isingepimwa. Amiodaroni huzuia ini kuvunja wafarini, na kizuizi hicho hujengeka kwa wiki kadhaa, huku kikifikia kilele karibu wiki ya saba. Majibu mazuri ya wiki ya kwanza hayasemi lolote kuhusu wiki ya sita. Ndiyo maana vitabu vingi hupendekeza wafarini ipunguzwe kwa theluthi hadi nusu amiodaroni inapoanza, au angalau ipimwe kila wiki. Kutoipunguza kwa mtu mwenye INR 1.8 kunaeleweka, ila kunawezekana tu kama kipimo cha kila wiki kinawezekana. Mpango uliandikwa kwenye faili linalobaki kabatini, wakati mgonjwa anaishi mbali na kabati hilo.

Chakula nacho kilichangia kuliko tulivyofikiri mwanzoni. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, na wagonjwa wa wafarini huambiwa mara nyingi waviache. Ushauri huo si sahihi. Wanatakiwa wale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mama huyu aliacha mboga kabisa kwa sababu ya kichefuchefu, na kwa dozi ileile ya wafarini INR ikazidi kupaa. Kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za kawaida za dozi kubwa ya amiodaroni. Uso unaoungua juani pia. Kwa wiki sita mwili wake ulikuwa ukitoa taarifa, lakini hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba hizo ni taarifa.

Kuhusu azithromaisini sina huruma sana. Ni antibayotiki inayohitaji cheti, na kikohozi chepesi kisicho na homa hakiihitaji. Lakini tukiwa wakweli, mgonjwa hatakuja kueleza dawa za moyo kwa muuzaji asiyeuliza. Tulichofanya ni kubandika kwenye jalada la daftari lake kikaratasi kinachosema anatumia wafarini na amekuwa na amiodaroni, na kwamba asipewe antibayotiki, dawa ya fangasi ya kumeza, kwinini wala dawa za maumivu jamii ya diklofenaki na ibuprofeni bila kupiga simu. Kikaratasi kinakaa miezi mingi baada ya amiodaroni kuachwa, kwa sababu ya ule muda wa kutoka.

Malaria ilileta mjadala wake. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini huweza kurefusha QT, na binti aliuliza kama ina maana mama asiimeze akiugua. Hapana. Malaria isiyotibiwa ingemuua mapema kuliko QT. Tulimwambia homa ikija aende kwenye kituo chenye ECG, apimwe kwanza ili asimeze dawa kwa kubahatisha, na kama kipimo ni chanya atibiwe hapo huku moyo ukitazamwa na potasiamu ikiangaliwa.

Yapo yaliyokwenda vizuri. Mkono wa muuguzi ulikuwa sahihi kuliko mashine. Mashine za presha zinaweza kukosea kuhesabu mapigo, na dakika nzima ya kuhesabu haina gharama. Kuomba kuona vidonge vyenyewe kulifichua kilichofichwa na orodha iliyoandikwa kwa nia njema. Dozi ndogo ya vitamini K ilimlinda pande zote mbili. Na ratiba ya INR ilifuatwa safari hii kwa sababu haikupangwa na sisi: binti alisema gari la kwenda mjini linapatikana kwa uhakika siku ya gulio, tukahamishia kipimo siku hiyo. Katika miezi mitano alikosa mara moja tu, vitendanishi vya maabara vilipokwisha.

Ambalo bado linanisumbua ni vile vipimo vya mwanzo. Kabla ya kidonge cha kwanza cha amiodaroni mtu anatakiwa awe na TSH, vipimo vya ini, potasiamu, ECG na picha ya kifua, kisha tezi na ini virudiwe kila miezi sita. Mgonjwa aliyefika na moyo wa 150 hawezi kungoja TSH. Lakini damu inaweza kuchukuliwa siku hiyohiyo na majibu yakaja kesho, dawa ikiwa imeshaanza. Bila hivyo, kila namba itakayofuata inabaki bila mwenzake wa kulinganishwa naye.

Kilichobadilika kwenye famasi yetu

Sasa amiodaroni ya kuanzia hutoka kwa bahasha tatu, kila moja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hata kama mbili kati ya hizo ni tupu kwa sababu dawa haijafika. Bahasha tupu yenye tarehe ndiyo inayokwenda dukani. Nakala ya cheti hubaki kwa mgonjwa, bima ipewe nakala nyingine. Anayetumia wafarini haondoki bila tarehe nane za INR kuandikwa kwenye daftari lake mwenyewe.

Maduka ya nje hatuna mamlaka nayo. Baadhi ya wauzaji wamekubali kupigiwa simu, wengine wanasema mteja akisubiri ataenda duka la jirani, na hilo ni kweli. Kwa sasa, dawa ikiwa pungufu, tunalipigia simu duka ambalo familia imesema itanunua na kulisomea ratiba. Mgonjwa hapewi ruhusa mpaka ndugu anayeshika dawa nyumbani airudie ratiba hiyo kwa mdomo wake mbele yetu.